Olympus TG-6 na kasha la PT-059: inafaa kuzamia nayo wakati wa kusi?

Kusi likishika, Juni mpaka Septemba, maji ya Unguja na Pemba hushuka hadi nyuzi 24 au 25, na miamba ya upande wa Mji Mkongwe kama Pange na Bawe huwa na vichembe vingi majini. Kwa miezi hiyo TG-6, kamera ndogo isiyoingia maji, inalipa, kwa sababu inakubali kumsogelea mnyama karibu mno. Maji yakipungua baina ya lenzi na mnyama, vichembe navyo vinapungua na rangi inabaki.

Hali ya maikroskopu inalenga kuanzia sentimita 1 mbele ya lenzi, hata zumu ikiwa imevutwa mpaka mwisho. Konokono wa baharini asiye na gamba, mdogo kama ukucha, anaijaza picha nzima. Ila ukisogea hivyo kasha lenyewe (PT-059, boksi la kuzuia maji linalovishwa kamera) linamtia kivuli, na kioo chake kimeshakula sehemu ya hiyo sentimita. Rudi nyuma kidogo, umulike kwa tochi kutoka ubavuni. Flashi ya nje nayo ikae pembeni, uso wake ukitazama nje kidogo. Ukiielekeza mbele moja kwa moja, inamulika vichembe vilivyo njiani na picha inajaa madoa meupe.

Kwa kasa au pomboo wa Mnemba, usitarajie makubwa. Kihisi cha kamera, kile kinachopokea mwanga, ni kidogo, na mnyama akiwa mita kadhaa mbele, flashi haimfiki. Anatoka buluu tupu. Mpangilio wa rangi wa chini ya maji una ngazi tatu (maji mafupi, ya kati na ya kina), nao unasaidia pale unapopiga bila flashi. Piga RAW, yaani faili ghafi la picha, utarekebisha nyumbani.

Kasha ndilo la kuangaliwa zaidi. Kamera peke yake inavumilia mita 15, na mzamiaji wa cheti cha mwanzo anaruhusiwa mita 18, kwa hiyo kasha la mita 45 si anasa. Ajabu ni kwamba likivuja, mara nyingi huvuja mita za mwanzo au kwenye ndoo ya kusuuzia: chini zaidi, uzito wa maji unaubana mfuniko wenyewe. Kosa huwa ni unywele mmoja au punje ya mchanga juu ya mpira wa kuzibia. Utoe mpira kwa vidole, kamwe si kwa kisu, ufute, pitisha grisi nyembamba iliyokuja na kasha. Grisi ikizidi inanasa mchanga. Vaseline na mafuta ya nazi ni mwiko.

Ukungu ndani ya kioo ni tatizo la pili, na kusi hulizidisha. Ukilifunga kasha botini kwenye joto na unyevu, ukaingia kwenye maji ya nyuzi 24, unyevu uliofungiwa humo unagandia kioo. Lifunge asubuhi mapema chumbani penye kiyoyozi, tia pakiti ya silika (chembe za kunyonya unyevu) isiyogusa mpira, kisha lifunike kwa taulo lisipigwe jua. Kabla ya kupanda boti, lizamishe kwenye ndoo ya maji baridi dakika chache, utazame kama kunatoka mapovu. Ukirudi, liloweke nusu saa ukibonyeza kila kitufe, na usifungue mpaka likauke.

Panga safari siku za maji mafu, maji yanapojaa na kupwa kidogo. Siku za bamvua, yanapojaa na kupwa sana, mkondo kwenye milango ya bahari kama wa Njao, Pemba, haukuachi utulie sentimita tatu mbele ya mkunga, na anayejishika kwenye tumbawe ili atulie anaharibu kile alichokuja kukipiga. Misali, magharibi ya Pemba, kisiwa kinakukinga na kusi. Chumbe usihangaike: kuzamia na mitungi hakuruhusiwi.

Mwenye TG-6 hana haja ya kukimbilia TG-7, toleo lililofuata la 2023. Kasha ni lile lile. Pesa hiyo iende kwenye flashi ya nje, mpira wa akiba na betri ya pili.