Kampuni ya bustani iliyonifyekea mbaruti wangu, nyota 1

Jamani mlioko Uingereza, kama una mmea unaoupenda usimwachie mtu wa kampuni geti ukaenda zako kazini. Mimi niliwaita wafyeke nyasi na kunyoosha ua, basi, na nikawaonyesha kwa kidole, huu mbaruti wa pembeni msiuguse. Narudi jioni nakuta umelazwa chini na viwavi bado wako juu yake!

Huu ni Cirsium vulgare, mmea wa miiba ambao huku wanauita spear thistle. Mwaka wa kwanza unatandaza majani tu chini, wa pili ndo unapanda juu na kutoa maua ya zambarau halafu unakufa, sasa fikiria nimeulea tangu mwaka jana, nimeupa jua la kutosha, mbolea sikuweka, kuuhamisha sikuthubutu maana mzizi wake unazama moja kwa moja na ukiukata umekwisha, na ulikuwa umebakiza kidogo tu uchanue. Nimeuotesha kwa ajili ya wale vipepeo wa rangi ya chungwa wenye ncha nyeusi na madoa meupe, hata nyumbani Kenya wapo, wanavuka Sahara kizazi kwa kizazi mpaka wanafika huku na wanataga kwenye mibaruti. Kiwavi wake analikunja jani, analishona kwa nyuzi za hariri, anakaa humo humo akila. Majani yangu yalikuwa yameshonwa, mtu mwenye macho anaona!

Napiga simu, msimamizi ananijibu kwa dharau eti ni gugu tu na tena sheria imekataza. Uongo. Sheria ya Magugu ya 1959 imeutaja kweli, ni kati ya mimea 5, lakini inaipa serikali uwezo wa kukuamuru uzuie usisambae, haisemi ni kosa kuwa nao kwako. Na ule msumbufu unaotambaa chini kwa chini mpaka kwa jirani ni Cirsium arvense, mwingine kabisa, huu wangu unaenea kwa mbegu tu na vichwa huwa navikata, nabakiza vichache vya ndege.

Haki yao niwape, nyasi walizifyeka vizuri na ua umenyooka, nilitaka kuweka nyota 3. Na yule kijana wao aliyerudi kuchukua mashine alichuchumaa na mimi tukawaokota viwavi, jani kwa jani, tukawapeleka kwenye mibaruti ya nyuma ya ukuta, hata glavu hakuwa nazo, miiba ikamchoma na hakulalamika. Kwa ajili yake labda 4.

Halafu kesho yake msimamizi ananitumia ujumbe, anajitolea kuja bure kupiga dawa ili mzizi usichipue tena. Dawa! Kwenye mzizi ninaoumwagilia kila jioni nikiomba utoe hata chipukizi moja! Hapana, nyota 1, na ningeweza kuweka sifuri ningeweka. Yule kijana akifungua kazi yake namwita kesho, hao wengine getini kwangu nisiwaone.