Siki ya jikoni kuulia magugu kwenye maua: kwangu imefanya kazi nusu

Nimetumia siki nyeupe ile ya kawaida, asilimia 5, kwenye bustani yangu ya maua hapa Entebbe, maana dawa kali za magugu sizitaki na kuku wanazurura uani kutwa. Sikuichanganya na maji, nikatia tu matone ya sabuni ya vyombo ili ishike kwenye majani, nikajaza chupa ya plastiki ya kupulizia (ya chuma hapana, siki inaila) nikangoja jua la saa sita, coz mvua ya huku ziwani haina adabu, ikikukuta umetoka kupuliza ujue hela imeenda na maji.

Kishona nguo kikiwa bado kichanga, kina majani mawili matatu, kimekwisha kabisa! Jioni ile ile majani yamenywea, ya kahawia, kama yamemwagiwa maji ya moto. Na kwenye nyufa za pevazi (yale matofali ya kutandika chini) za kuingilia getini ndo raha yenyewe, pale jembe halipiti.

Sasa njoo kwa lumbugu, lile gugu la nyasi linalotambaa. Juu iliungua vizuri mpaka nikafurahi, mvua zikapiga kidogo tu, ikachomoza tena kijani kibichi, ukivuta unatoka na mzizi mweupe mrefu una vifundo na kila kifundo kina kichipukizi chake. Siki inaunguza jani, kule chini haifiki. Ndago nayo ni hivo hivo, ina vitunguu vyake ardhini inakucheka tu. Hizo mbili dawa yake jembe la meno na mgongo wako.

Halafu haichagui, ikigusa waridi inaunguza waridi. Mi nakata kitako cha chupa ya maji, nafunika gugu, napulizia kwa juu mdomoni, upepo ukija haubebi kitu. Hajati wa jirani aliniambia mwanangu ongeza na chumvi, nikamwambia asante Hajati lakini chumvi inabaki kwenye udongo na maua nayo yatakufa. Na ile siki kali ya asilimia 20 wanayoisifia huko mitandaoni usiishike bila glavu na miwani, inaunguza ngozi na macho.

Bei sasa. Kwa njia ya geti chupa moja inatosha, lakini ukitaka kupiga bustani nzima utamaliza chupa duka zima, bora hiyo hela umpe kijana akulimie.