Shule ya msingi ya mtaani kwetu, Mbeya: daftari la kusoma safi, vikao bado

Ni shule ya serikali, nje kidogo ya Jiji la Mbeya. Ada haipo, kwa hiyo ninachopima hapa ni namna shule inavyotushirikisha wazazi. Naipa nyota tatu kwa tano.

Mbili kati ya hizo ni za daftari la kusoma la darasa la kwanza na la pili. Mwanzo wa muhula mwalimu anampima kila mtoto: herufi, silabi, maneno, aya, hadithi. Ngazi inaandikwa nyuma ya jalada, na Ijumaa mtoto anakuja na kazi ya ngazi yake, si ya darasa zima. Nyumbani ni dakika kumi tu. Anasoma kwa sauti. Akikwama, mwache aunganishe silabi mwenyewe. Akimaliza akusimulie alichosoma, ndipo usaini. Usiruke kusimulia, maana ndiko kunakowaumbua waliokariri. Kuna watoto wanatiririka ukurasa mzima, ukifunika picha kwa kiganja wananyamaza. Bibi asiyejua kusoma naye anaweza kazi hii, atatia dole gumba. Kinacholiharibu daftari ni saini za mkupuo: wiki nzima inasainiwa Jumapili usiku, wino ule ule, mkono ule ule.

Chakula ni makande ya mchana, mchango debe moja la mahindi kwa mtoto kwa mwaka, maharage mbali. Debe ni kilo 18 hivi. Ligawe kwa siku 194 za masomo, unapata gramu 90 na ushee kwa siku: makande yanatosha, uji wa asubuhi hautoki humo. Tatizo wanakusanya Januari, mahindi yakiwa ghali na vihenge vitupu. Julai watu wametoka kuvuna, debe halimuumi mtu. Ila mpokeaji ang'ate punje kwanza. Isiyopasuka kwa mlio irudi juani, la sivyo gunia zima linavunda.

Vikao ndiyo aibu. Vinaitwa Desemba saa nne asubuhi, wakati wa kupanda, halafu wazazi tunaambiwa hatujali. Tangazo nalo linaishia kwenye grupu la WhatsApp, wenye kitochi wanasikia kikao kimeshapita. Karatasi moja ikibandikwa mlangoni kwa mashine ya kusaga, mtaa mzima unajua kabla ya jua kuzama.