Laptopu ya chuo kwa gharama ndogo: wapi uanzie, wapi usiguse

Laki tano mfukoni na orodha ya waliochaguliwa imeshatoka: ndivyo wengi wanavyoingia Kariakoo kati ya Septemba na Novemba, vyuo vinapokaribia kufunguliwa. Wauzaji wanaujua msimu huo, na ni vigumu kupunguziwa bei dukani ukiwa umebanwa na foleni ya wanafunzi wenye haraka kama wewe. Ukiweza, nunua Julai au Agosti. Usipoweza, basi ingia sokoni ukijua unachotafuta.

Msimamo wangu ni huu: laptopu ya bei rahisi ni ile itakayokufikisha mwaka wa mwisho. Shahada nyingi ni miaka 3, uhandisi miaka 4, udaktari miaka 5. Ukinunua ya laki nne ikafa mwaka wa pili, ukanunua nyingine ya laki nne, umeshatumia laki nane, na aliyelipa laki sita mara moja bado anatumia yake. Kwa kipimo hicho ndiyo nimezipanga njia za kununua, kuanzia iliyo bora.

Ya kwanza: iliyotumika ofisini Ulaya au Marekani, kizazi cha 8 kwenda juu

Hizi ndizo HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad zilizojaa Kariakoo, maduka ya Posta na miji mikubwa yote. Makampuni ya nje hubadilisha kompyuta za wafanyakazi kila baada ya miaka michache, zile za zamani zinauzwa kwa jumla, zinapita Dubai au zinakuja moja kwa moja. Zilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayeandika kutwa nzima, kwa hiyo kibodi yake ni imara, bawaba hazilegei ovyo, na vipuri vyake fundi yeyote anavipata. Ile mpya ya bei hiyohiyo haifiki hapo.

Neno la kulishika ni "kizazi cha 8", yaani toleo la prosesa, ule ubongo wa kompyuta, na sababu zake ni mbili. Ya kwanza ni Windows. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi. Utakuta dukani EliteBook 840 G3 yenye prosesa ya kizazi cha 6 na Windows 11 inawaka vizuri tu. Imewekwa kwa kuruka masharti, na Microsoft haimhakikishii mwenye mashine kama hiyo kwamba ataendelea kupata masasisho. Kuona Windows 11 kwenye kioo hakutoshi, soma jina la prosesa.

Sababu ya pili ni nguvu. Kwenye laptopu nyembamba za ofisini, Intel walipofika kizazi cha 8 waliongeza kori (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja) kutoka 2 hadi 4. Ndiyo maana i5-8250U inaishinda i7-6600U kwa kazi nyingi, ingawa muuzaji atakuuzia ile ya pili ghali zaidi kwa sababu ya hiyo "i7". Tazama namba inayofuata baada ya kistari: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni cha 8, i5-10210U ni cha 10, i5-1135G7 ni cha 11. Namba hiyo ina uzito kuliko i5 au i7.

Kwa majina: EliteBook 840 G5 au G6, Latitude 7490 au 5400, ThinkPad T480. Chukua yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 na SSD (hifadhi ya mafaili) ya GB 256. Bei hucheza kati ya laki tano na laki saba kutegemea hali yake, duka na ulimi wako. Mimi ningeanza kuulizia T480. Ina betri mbili, moja ndani na nyingine ya kuchomoa kwa nje, kwa hiyo ile ya nje ikichoka unaibadilisha mwenyewe bila fundi, na siku umeme unapokatika hosteli mnaijua wenyewe. Ina nafasi mbili za RAM pia, sawa na 840 G5, hivyo ukipata hela mwaka wa pili unaongeza ya GB 8 nyingine.

Sasa ukaguzi, maana hapa ndipo hela huokolewa au hupotea. Usikubali kuoneshwa picha tu wala kuwashiwa dakika mbili. Fungua kile kidirisha cheusi cha amri (andika cmd kwenye sehemu ya kutafuta), kisha andika *powercfg /batteryreport*. Itatengeneza faili na kukuonesha limehifadhiwa wapi. Ndani yake tafuta mistari miwili: Design Capacity, yaani uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na Full Charge Capacity, yaani uwezo wake wa leo. Ikisoma 50,000 kwa 38,000 mWh, betri imebaki na asilimia 76, na kwa mtumba hiyo ni nzuri. Ikiwa chini ya asilimia 60, omba ibadilishwe au bei ishuke, na muoneshe muuzaji namba hizo kwenye kioo. Akiziona kwa macho yake hana la kubisha.

Kisha izime, uiwashe ukibonyeza F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Ikidai nywila ya msimamizi ambayo muuzaji haijui, rudisha mashine juu ya meza na usonge mbele. Ikifunguka, linganisha namba ya utambulisho inayoonekana humo na ile iliyobandikwa chini ya mashine. Zisipolingana, uliza kwa nini. Mwombe pia aianzishe upya kama mpya ikiwa imeunganishwa na intaneti. Likitokea jina la kampuni ya kigeni likidai barua pepe ya kazini, mashine hiyo bado imefungwa kwa wenyewe, na iko siku utaihangaikia.

Tazama kibodi. Zilizotoka Ujerumani zina Z mahali pa Y, za Ufaransa zina A mahali pa Q, na mara nyingi hubandikwa stika juu. Stika zitabanduka kabla ya mitihani ya muhula wa kwanza. Fungua Notepad ubonyeze kila kitufe, fungua kamera, jaribu spika, chomeka flashi kwenye kila tundu, weka kioo cheupe kitupu utafute madoa. Chaji nayo iguse baada ya dakika ishirini: ikiwa ya moto kupita kiasi, dai nyingine.

Mwisho, risiti ya EFD. Ni haki yako kisheria, na ikikosekana waranti uliyoahidiwa kwa mdomo haina pa kusimamia. Mwambie muuzaji aandike namba ya mashine na muda wa waranti kwenye karatasi yenye muhuri wa duka. Miezi mitatu ni ya kuombea, mwezi mmoja usishuke chini yake.

Ya pili: ndugu au rafiki anayetoka nje

Kama una mjomba Uingereza, shangazi Marekani au mtu anayekwenda Dubai kwa biashara zake, unaweza kupata mashine hizihizi katika hali bora zaidi, kwa sababu kule wapo wanaouza zilizokaguliwa upya na zinazorudishika zikiwa na kasoro. Volti si tatizo, chaji nyingi za laptopu zinakubali 100 hadi 240, unabadilisha waya wa mwisho tu. Mtumie jina kamili la modeli, kizazi, RAM na aina ya kibodi, usimwambie tu "niletee laptopu nzuri". Nimeiweka ya pili kwa sababu ikiharibika hapa huna wa kumrudishia, na kwa sababu wasafiri huahirisha safari wakati chuo hakiahirishwi.

Ya tatu: mwanafunzi anayemaliza

Juni na Julai magrupu ya WhatsApp ya vyuo hujaa matangazo ya wanaomaliza. Kuna bei nzuri kweli huko, na faida ambayo duka halina: muuzaji ni kaka au dada wa kozi yako, anakwambia ukweli kuhusu mashine na mara nyingi anakuachia humohumo notisi za miaka yote. Ukaguzi ni uleule. Ongeza moja tu: omba risiti aliyonunulia na picha ya kitambulisho chake cha chuo. Laptopu huibwa sana hosteli, na kukutwa na mali ya wizi ni kesi yako wewe uliyeishika. Mwenye mashine halali hataona ubaya kuombwa hivyo.

Ya nne: mpya ya bei ya chini

Najua inavyovutia. Boksi, plastiki bado haijabanduliwa, waranti ya mwaka mzima, na mzazi anaamini amenunua kitu cha maana. Lakini soma pembeni ya boksi. Utakuta prosesa ya Celeron N4020 yenye kori 2, RAM GB 4 iliyochomelewa kwenye bodi isiyoongezeka, na hifadhi ya eMMC ya GB 64. Windows 11 yenyewe inataka angalau GB 64 ili iwekwe, kwa hiyo unaanza masomo hifadhi ikiwa kwenye kiwango cha chini kabisa. Fungua Word, PDF mbili na Zoom kwa pamoja uone. Wazazi wangu mnaosoma hapa, nawaomba: hela hiyohiyo inanunua T480 iliyotumika, na mtoto ataimalizia nayo shahada.

Chromebook za mtumba nazo ziko kundi hili. Ni rahisi mno, lakini programu kama SPSS ya takwimu na AutoCAD ya kuchora haziwekwi humo, nyingi za zamani zimepita tarehe ya mwisho ya masasisho, na zilizotoka mashuleni Marekani huweza kuwa bado zimefungwa na shule.

Ya mwisho: mkopo wa laptopu na za "tuma hela kwanza"

Kwa mkopo, usiulize rejesho la mwezi. Uliza jumla nitakayolipa hadi mwisho, kisha ulinganishe na bei ya taslimu ya modeli hiyohiyo dukani. Kama bumu lako, yaani hela ya mkopo wa chuo, ndilo litakalorejesha, kumbuka kwamba ndilo la kula na kulala pia. Na kwa wanaouza Instagram kwa bei isiyo ya kawaida wakitaka utume nauli ya basi na nusu ya bei kwanza, jibu ni hapana. Uko Mbeya au Mwanza na huna mtu Dar wa kukukagulia? Nunua hapohapo mjini kwako hata kama ni elfu hamsini zaidi.

Kuna kozi zinazobadilisha hesabu yote. Wa usanifu majengo pale Chuo Kikuu Ardhi, na wahandisi watakaochora vitu vya 3D, watahitaji kadi ya picha inayojitegemea na RAM ya GB 16. Watafute HP ZBook, Dell Precision au ThinkPad za mfululizo wa P zilizotumika. Autodesk huwapa wanafunzi AutoCAD na Revit bure wakithibitisha uanafunzi wao, kwa hiyo msilipie mtu wa kuwawekea za kuvunjwa zilizojaa virusi. Wa sheria, elimu, biashara na lugha hawahitaji chochote zaidi ya mashine ya nafasi ya kwanza. LibreOffice, mbadala wa Office, ni bure, na kabla ya kulipia Office ulizia kitengo cha TEHAMA cha chuo kama barua pepe yako ya chuo inakuja nayo.

Kama hela haijatosha Oktoba, usinunue mbovu kwa presha. Maabara ya kompyuta ya chuo na simu yako vitakuvusha wiki za mwanzo, na ukishakaa darasani utajua walimu wanataka programu gani. Desemba msongamano Kariakoo wa wanafunzi wapya umeshapungua, na hapo unaweza kukaa na muuzaji mkazungumza bei bila haraka.