Spea za Pikapu Kuukuu: Aina Tano kwa Mnunuzi wa Nakuru na Magharibi, Kuanzia ya Kuaminiwa Hadi ya Kuepukwa

Pikapu nyingi zinazobeba viazi kutoka Molo na Mau Narok, maziwa kutoka Njoro na bidhaa za soko kuelekea Muhoroni na Kisumu ni za zamani: Hilux za miaka ya 1990, Isuzu TFR, Nissan D21 na D22, na hapa na pale Peugeot 504 ambayo mwenyewe hataki kusikia habari ya kuiuza. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika ambalo umri wake umezidi miaka minane, hakuna anayeweza kuagiza nyingine kama hizo kutoka Japani. Zilizopo ndizo hizo, na uhai wake unategemea spea tunazozinunua. Kipimo nilichotumia kuzipanga si bei ya kaunta, bali ni gharama ya kipande hadi siku kitakapobadilishwa tena, ukihesabu pia malipo ya fundi, gharama ya kuvutwa na mzigo ulioharibikia njiani.

Kabla ya kuingia duka lolote, andika namba ya chesisi na aina ya injini. Katika Hilux, herufi za mwanzo zinasema mengi: RN ni injini ya petroli ya familia ya R, LN ni dizeli ya familia ya L, yaani 2L, 3L na 5L, na KUN ni dizeli ya KD iliyokuja na muundo wa baadaye. Kwa Isuzu, TFR huendeshwa na magurudumu ya nyuma pekee, ilhali TFS huendeshwa na yote manne. Muuzaji anayeuliza mwaka wa gari tu kisha akapanda ngazi kuleta boksi anabahatisha, na anabahatisha kwa pesa zako. Beba pia kipande cha zamani, hata kama kimechafuka kwa oili. Sahani ya klachi, kwa mfano, hupimwa upana na kuhesabiwa meno ya katikati, kwa sababu mbili zinazofanana kwa macho huweza kukataana kabisa gia boksi inaporudishwa.

Nafasi ya kwanza naipa spea mpya za kampuni ambazo zenyewe hutengeneza vipande kwa ajili ya viwanda vya magari au zimejijengea sifa katika kipande kimoja mahususi. Hizi ni kama Aisin kwa klachi na pampu za maji, Denso na NGK kwa plagi, KYB kwa shokamzoba, Koyo, NSK na NTN kwa beringi, Akebono kwa breki, 555 kwa boljointi na tai rodi, na GMB kwa pampu za maji na viungo vya propela. Mara nyingi ubora wake unakaribia sana ule wa spea yenye nembo ya gari lenyewe, ila bei ni ya chini kwa kuwa hulipii boksi lenye nembo ya mtengenezaji wa gari. Kwa pikapu yenye umri wa miaka 25 inayofanya kazi kila siku, sioni chaguo lingine linalompa mwenyewe thamani kubwa zaidi.

Tatizo ni kwamba majina haya ndiyo yanayoigwa zaidi. Chukua beringi ya gurudumu mkononi na uitazame kwa utulivu. Namba iliyo kwenye ukingo wa chuma inapaswa kuwa nyembamba, yenye herufi zilizonyooka na zenye kina sawa, nayo ifanane na namba ya boksi. Izungushe polepole karibu na sikio: isikwaruze wala kushika mahali pamoja. Kisha omba ya pili kutoka rafu ileile uzilinganishe, kwani katika bidhaa bandia tofauti kati ya kipande na kipande huonekana upesi. Bei iliyo nusu ya ile ya maduka jirani inatosha kukufanya uondoke. Nunua kwa muuzaji anayekuandikia risiti yenye namba ya kipande na anayekubali kukipokea kikikataa kuingia. Muuzaji wa aina hiyo hana haja ya kukuficha kitu.

Nafasi ya pili ni spea halisi kutoka kwa wakala wa kampuni ya gari. Sikuziweka juu kwa sababu bei yake huwa nzito na kwa magari ya zamani hulazimu kuagizwa na kusubiriwa. Hata hivyo, kwa vipande vichache nazitanguliza bila kusita: mkanda wa taiming pamoja na beringi yake ya kukaza, gasketi ya silinda hedi, thamostati (vali inayodhibiti joto la maji ya injini) na kifuniko cha rejeta.

Hicho kifuniko kinahitaji maneno zaidi, kwa kuwa eneo letu ni la milima. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kwenda Eldoret hupanda hadi zaidi ya mita 2,700 eneo la Timboroa. Katika urefu wa Nakuru maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi, na Timboroa huchemka kwenye nyuzi 91 hivi. Kifuniko kizima kilichoandikwa 0.9 huyazuia maji yasichemke kwa takriban nyuzi 20 zaidi. Kwa hiyo kilichochoka huiondolea injini kinga hiyo pale pale inapovuta tani moja ya viazi mlimani. Injini ikiwa imepoa kabisa, kifungue ukitazame. Mpira wa chini usiwe na mfereji uliochimbwa na mdomo wa rejeta, springi isukumwe kwa nguvu na irudi yote, na ile vali ndogo ya katikati ifunguke kwa ukucha kisha ijifunge yenyewe. Injini ya 2L inajulikana kwa kupasuka hedi ikichemka, na hedi moja hugharimu vifuniko vingi mno. Usikubali pia fundi akwambie kuwa thamostati haina kazi katika nchi ya joto. Katika injini nyingi zenye njia ya pembeni ya maji, ukiiondoa, sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupitia rejeta, nayo injini huzidi kupata joto mlimani.

Nafasi ya tatu ni mitumba kutoka Japani. Chuma kilichoachwa na gari la kule huwa bado kina kazi nyingi, ndiyo maana gia boksi, difu, milango, vioo, alternata na stata za mitumba hununuliwa kwa faida. Kisichofaa kununuliwa mtumba ni chochote cha mpira, chochote cha breki, sahani ya klachi, mikanda, boljointi na shokamzoba, kwa sababu hivyo huzeeka hata vikikaa rafuni.

Injini ya mtumba ni ununuzi mkubwa unaohitaji subira. Injini nyingi za 3L na 5L sokoni zimetoka kwenye HiAce, hivyo karta (bakuli la oili chini ya injini) na viegemeo huenda vikahitaji kuhamishwa kutoka injini yako ya zamani. Usiitupe kabla kazi haijaisha. Fungua kifuniko cha oili: ute mweupe kama maziwa unaashiria kuwa maji yameingia. Zungusha injini kwa spana kwenye boliti ya puli hadi imalize mizunguko miwili, na uombe shinikizo la kila silinda lipimwe, kwa maana silinda moja iliyo chini sana ya wenzake ni sababu ya kutosha ya kuiacha. Risiti na karatasi za kuingizwa kwake nchini ni lazima, kwani namba mpya ya injini inapaswa kusajiliwa NTSA, mamlaka ya usafiri barabarani, ili ilingane na kitabu cha gari. Bila hivyo utakwama siku ya kuuza au ya kusimamishwa barabarani.

Nne ni kipande chako mwenyewe kilichokarabatiwa na mafundi wa jua kali au karakana za mashine, na kwa kazi mbili hivi ningekipandisha hadi juu kabisa. Rejeta ya zamani ya shaba, ikifunguliwa na kuwekewa moyo mpya na mchomeleaji hodari, huishi kuliko nyingi mpya za alumini na plastiki. Krenki iliyochakaa husagwa kwa kipimo cha milimita 0.25 au 0.50 na kuwekewa beringi za kipimo hicho, mradi karakana ina mashine nzima na fundi anayepima mbele yako. Springi za nyuma, kwa upande mwingine, zisikunjwe upya kwa moto, kwa kuwa chuma hupoteza ugumu wake. Ongeza jani moja jipya. Lainingi za breki zilizobandikwa upya kwenye shuu za zamani sizikubali hata kidogo.

Mwisho kabisa ni spea mpya za majina yasiyojulikana. Kwa vioo vya pembeni, vizuia tope na vifuniko vya taa za ishara hazina madhara. Kwa breki, usukani na injini ziache dukani.

Aliyenunua pikapu kuukuu leo na ana pesa kidogo aanze na breki: shuu na pedi za kampuni ya kuaminika, mipira ya silinda za magurudumu, na oili ya breki kutoka chupa ambayo haijafunguliwa, kwa sababu oili hiyo hunyonya unyevu hewani. Ibadilishwe kila miaka miwili, maana ile yenye maji huchemka kwa joto la kuteremka kutoka Nandi Hills kuelekea Chemelil, na pedali ikazama hadi sakafuni. Baada ya breki ziwe hosi za maji, kifuniko cha rejeta na thamostati. Kisha mkanda wa taiming, ambao kwa 2L na 3L hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ikiwa aliyeuza hana rekodi, ubadilishwe sasa hivi. Boljointi na tai rodi hufuata, kabla ya matairi mapya, la sivyo matairi hayo yataliwa upande mmoja. Rangi na viti vinaweza kusubiri hadi mavuno yauzwe.