Gari halitoi cheche: la platini au la elektroniki?

Starta inazungusha injini vizuri, petroli ipo, lakini haiwaki. Kwenye Peugeot 504 au Corolla ya miaka ya 70, mimi hufungua kifuniko cha distribyuta (kigawa umeme kwa plagi) kwanza. Platini, yaani viguso vinavyofunga na kufungua umeme wa koili (kifaa kinachopandisha volti za cheche), inaonekana kwa macho: ikiungua ikawa nyeusi na kuota kijipu upande mmoja, shuku kondensa, kikopo kidogo kinachoilinda platini isiungue. Isugue kwa msasa laini, weka uwazi wa kama milimita 0.4 kwa fila (bamba jembamba la kupimia uwazi), jaribu tena. Ukikosa mita, unganisha taa ya majaribio kwenye hasi ya koili, na waya wake mwingine kwenye chuma cha injini. Starta ikizunguka, taa ipepese. Ikiwaka tu bila kupepesa, platini haifungi. Isipowaka kabisa, huenda umeme haufiki kwenye koili, au platini haifunguki.

Mfumo wa elektroniki hauna cha kusugua. Moduli, inayofanya kazi ya platini, ni kiboksi kilichofungwa, na ina tabia ya kukera: injini ikipata moto inazima, ikipoa inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapo unahitaji mita ya kupima ukinzani wa koili na sensa ya ndani ya distribyuta, kisha moduli ya kuazima ya kujaribia. Pia usizungushe injini huku waya wa plagi ukining'inia hewani. Moduli inaweza kufa. Tumia plagi ya akiba, mwili wake uguse chuma cha injini.

Kwa safari ya mbali, nachagua platini. Kwa foleni za mjini, elektroniki, maana hairekebishwi kila baada ya kilomita elfu kadhaa.