TAHADHARI: Anauza mashine za rotari "mpya", ndani zina wino wa watu wengine

Wachoraji wenzangu, someni hili kabla hamjamtumia mtu hela. Kuna muuzaji anazunguka mtandaoni na mashine za rotari za kuchora tatuu, zile zinazosukuma sindano kwa mota ndogo. Anadai ni mpya, za kwenye boksi, zenye mota ya Uswisi. Mimi ameniuzia mashine iliyokwisha kupita kwenye ngozi za watu wengine. Silitaji jina lake, maana analibadilisha: ukurasa ukijaa malalamiko anaufuta, anafungua mwingine na picha ni zilezile. Mtambueni kwa tabia.

Mashine ilifika imefungwa nailoni, boksi safi kabisa. Juu ya skrubu ya mwili wake kulikuwa na stika ndogo: ukiibandua, dhamana imekufa. Niliiona ya kawaida tu. Leo najua ile stika ndiyo kufuli ya mchezo wake wote.

Kwenye ngozi ya mazoezi ilifanya kazi vizuri, nikajiridhisha, nikachora wateja wawili. Kwa yule wa pili, katikati ya kuchora kivuli, ikaanza kukohoa. Inazunguka, inasita, inazunguka tena. Nikapandisha volti kutoka 7 hadi 9, ikapata nguvu kidogo, halafu ikachemka hadi nikausikia moto wake kupitia glavu. Mashine kupata uvuguvugu ukiwa kazini ni kawaida. Ikifika hatua ya kushindwa kuishika, zima.

Nikaanza kutafuta ugonjwa kwa kubadilisha kitu kimoja kimoja. Waya wa RCA kwanza, ule unaopeleka umeme kwenye mashine, kwa sababu huo hufa mapema, hasa pale unapojikunja karibu na jeki. Nikaweka mwingine, hali ileile. Nikaitoa pedali ya kuwashia kwa mguu nikawasha moja kwa moja, hali ileile. Nikachomeka mashine yangu ya zamani kwenye pawa saplai hiyohiyo, ikatembea bila shida. Nikairudisha ile mpya bila katriji, yaani kile kichwa chenye sindano kinachochomekwa mbele: ikazunguka vizuri. Nikaiwekea katriji: ikakohoa. Basi hapo jibu limeshapatikana. Mashine inayokwenda ikiwa tupu na kushindwa inapobeba mzigo wa sindano ina shida ndani yake, kwenye mota au beringi.

Nikamwandikia. Akanijibu: "Wewe bosi hujui kuitunza, hizi zinataka oili kila siku." Akaniuzia na kopo la dawa ya kupuliza, eti ya sevisi. Nikapuliza. Ikakaa sawa siku moja, kisha ikawa mbaya kuliko mwanzo.

Hapa naomba tuelewane vizuri, maana ndipo anapowakamatia wengi. Lile kopo lilikuwa dawa ya kulainishia kutu, ya kulegeza nati zilizogoma. Ukiipuliza kwenye beringi inaosha grisi iliyomo, na uchafu unasombwa kuelekea kwenye mota. Beringi nyingi za rotari zimezibwa pande zote zikiwa na grisi yake, hazitaki kupuliziwa chochote. Kama mtengenezaji ameandika kwamba mashine itiwe oili, basi ni tone moja jepesi kwenye kem, kile kipande kilichotobolewa pembeni badala ya katikati ili kugeuza mzunguko wa mota kuwa mwendo wa juu na chini. Tone moja, ziada unafuta. Zaidi ya hapo, matunzo ya kila siku ni kuivisha mashine mfuko kabla ya kazi, kuifuta na dawa ya kuua vijidudu baada ya kazi bila kuizamisha, na kutumia katriji zenye utando wa mpira unaozuia wino kurudi nyuma. Mimi hayo yote nilikuwa nayafanya. Yeye alitaka niamini kwamba kosa ni langu, ili ninunue kopo jingine.

Nikabandua ile stika.

Skrubu ya kwanza kichwa chake kilikuwa kimeshaliwa. Mtu alifungua kabla yangu. Ndani, kuzunguka kem, kulikuwa na ukoko mkavu, mweusimweusi. Nikausugua kwa pamba yenye spiriti, nikaisogeza pamba chini ya taa. Kijani. Mimi nachora nyeusi na kijivu tu, studio yangu haina hata chupa moja ya wino wa kijani.

Niliishiwa nguvu. Wino unaorudi ndani ya mashine hauji peke yake, unakuja na damu. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa angalau siku 7. Na mashine ya namna hii huwezi kuitupia kwenye otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, ukasema umeisafisha, kwa sababu ule mvuke wa nyuzi 121 unaua mota. Kwa hiyo kilichokauka mle ndani kinabaki mle ndani mpaka mtu aifungue. Siku hiyohiyo niliwapigia wateja wangu wote wawili, nikawaambia ukweli, tukaenda kupima pamoja. Katriji zangu zilikuwa na utando na mashine ilikuwa ndani ya mfuko, lakini sikuona haki ya kuwanyamazia watu kuhusu miili yao.

Ile mota ya Uswisi nayo ni hadithi. Shika shafti, ule mhimili wa mota unaozunguka, kwa vidole, umeme ukiwa umezimwa, uizungushe taratibu. Mota isiyo na kiini cha chuma, ya aina aliyotangaza, inateleza laini mzunguko mzima. Yangu ilikuwa inakwama kwa hatua, tak, tak, tak, kama mota za wanasesere. Lebo imebandikwa juu ya lebo nyingine. Alisema mwendo wa sindano ni milimita 4. Nilipopima kwa kalipa, kutoka juu kabisa hadi chini kabisa, nilipata 3.

Mwenzangu mmoja alimpelekea mashine yake nzima kwa ajili ya "sevisi ya bure". Ilirudi inang'aa, mota ndani si ile. Ukilazimika kumpa fundi usiyemjua, ifungue kwanza na upige picha ya mota, namba zake na ile lehemu ya nyaya.

Tabia zake nyingine: video anazotuma mashine inazunguka bila katriji. Ukimwomba akuonyeshe ikiwa na sindano, kwa volti 6, anapandisha hasira. Ukiomba picha ya ndani, anaitaja dhamana. Katriji anazotoa kama zawadi hazina tarehe ya mwisho wala namba ya toleo kwenye pakiti. Hizo zitupeni kwenye chombo cha vitu vyenye ncha kali, msimpe hata mwanafunzi wa kujifunzia. Na malipo anataka kwa njia isiyorudishika, haraka, eti kuna mteja mwingine anasubiri.

Kama umenunua kwake, acha kuitumia leo. Vaa glavu, fungua, pitisha pamba nyeupe kuzunguka kem, upige picha kabla hujafuta chochote. Kama ulishamchorea mtu, mpigie.

Yangu iko kwenye mfuko uliofungwa pamoja na ile pamba ya kijani. Mazungumzo yote na risiti ya malipo ninavyo. Ameshanizuia, lakini anaendelea kuuza. Yeyote aliyepata mashine yenye stika juu ya skrubu na boksi la aina hii aniandikie, tupeleke malalamiko yetu kwa pamoja.